Masomo ya ziada saa ya ibada

SWALI: Binti yetu yuko kidato cha nne, na mwalimu ameweka masomo ya ziada Jumapili asubuhi, saa ya ibada. Je, tumruhusu? Mama, Moshi.

JIBU: Mama mpendwa, elimu si adui wa imani, wamisionari wa Kilutheri waliofika Uchagani mwaka 1893 walijenga shule sambamba na makanisa, na Luka 2:46 inamwonyesha Yesu hekaluni akiwasikiliza walimu na kuwauliza maswali. Lakini kijana akizoea kuona ibada ndiyo inayoahirishwa kila ratiba inapobana, naamini atakuja kuiahirisha hata bila mtihani. Mwombeni mwalimu kwa heshima akihamishie kipindi hicho alasiri; isipowezekana, asali ibada ya kwanza pamoja nanyi, kisha aende darasani na madaftari yake.