Jibu: Watoto wadogo kuogelea na samaki taa Grand Cayman

Dada, umeuliza kama meli ikitia nanga Grand Cayman, kisiwa cha Karibea, uwapeleke wanao wa miaka sita na miwili kuogelea na taa, wale samaki bapa wenye mwiba mkiani. Wa miaka sita mpeleke. Mdogo umbebe muda wote, au abaki botini na baba yake. Pale Stingray City, sehemu ya bahari wanakokutana na taa hao, maji ya kwenye fungu la mchanga humfika mtu mzima kiunoni hadi kifuani, na kwa mtoto hicho ni kina kirefu. Kabla ya kulipa, uliza wenye boti kama wana jaketi okozi la saizi yake.

Taa wa pale wamezoea watu, maana zamani wavuvi walisafishia samaki hapo na kutupa matumbo majini. Wanakujia wenyewe, wanakupapasa mapajani, laini kama uyoga uliolowa. Hapo ndipo mtoto hushtuka na kurusha miguu, na hilo ndilo linalonipa wasiwasi: mwiba uko mkiani, na taa huutumia akikanyagwa. Mfundishe mapema kuburuta nyayo mchangani bila kunyanyua mguu. Kumtoa taa majini ili mpige picha ni marufuku kisheria, hata nahodha akikubali. Mtoto akilia, mrudishe botini, tafadhali usimlazimishe.