Kura yangu naipeleka Senegal

Wahariri habari za kazi. Swali lenu la wiki hii, kwamba ni mtu gani wa sinema wa zamani ambaye vijana wanaoshika kamera leo lazima wamjue, najua wengi watataja wa Hollywood na wa India na sina neno nao, ila mimi namtaja mzee Ousmane Sembène.

Huyu kazaliwa 1923 Ziguinchor, kusini mwa Senegal, baba yake mvuvi. Shule hakufika mbali. Kafanya uashi Dakar, Wafaransa wakamuingiza jeshini wakati wa vita kuu ya pili, baadae akavuka bahari mpaka Marseille, Ufaransa, akawa kuli bandarini, na hukohuko ndo akawa anajisomea vitabu vya chama cha wafanyakazi. 1956 akatoa riwaya yake ya kwanza, 1960 akatoa ile kubwa ya mgomo wa reli ya Dakar–Niger ambayo hata huku kwetu wapo walioisoma kwa Kiingereza. Jina lishapatikana, angetulia tu aandike.

Hakutulia. Alivyorudi kuzunguka Afrika akaona wale anaowaandika, makuli na wavuvi na kina mama wa sokoni, kitabu chake hawawezi kukisoma hata ukurasa mmoja, na Kifaransa chenyewe si chao. Basi mtu ana karibu miaka 40, vitabu vyake vipo madukani, 1962 anaenda Moscow kukaa darasani kujifunza kamera! Hapo ndo aliponimaliza kabisa. 1963 akatoa Borom Sarret, dakika kama 20 tu, mtu wa mkokoteni wa farasi anahangaika Dakar siku nzima mpaka polisi wanauchukua mkokoteni kisa kaingia mtaa wa wakubwa. Bodaboda aliyewahi kukamatwa katikati ya mji ataielewa bila mkalimani.

Ila inayoniuma ni La Noire de... ya 1966. Binti anaitwa Diouana, anachukuliwa Dakar na familia ya Kifaransa akalee watoto, anaona kaula, anafika Antibes, huko Ufaransa, anakuta kazi ni kupika, kufua, kudeki, na mlangoni hatoki. Barua ya mama yake inakuja, hajui kusoma, bosi ndo anaisoma na bosi huyohuyo ndo anakaa kumuandikia majibu ambayo yeye hajayasema. Mwisho anajiua bafuni. Sembène aliitoa kwenye habari ya gazetini, na mimi nikiitazama nawaona dada zetu wanaotoka Mombasa, Tanga, Kampala kwenda kazi za ndani Arabuni, pasipoti inafungiwa kabatini na simu inachukuliwa, yaani miaka karibu 60 na bado ni ileile. Ikapata tuzo ya Jean Vigo Ufaransa. Lakini sikilizeni hili, ile filamu inaongea kwa lugha ya Kifaransa, na ile sauti tunayoisikia akilini mwa Diouana si ya Thérèse Diop aliyeigiza, ni ya Toto Bissainthe, mwanamke wa Haiti. Msichana hana hata sauti yake.

Miaka miwili mbele akaja na Mandabi na safari hii watu wanaongea Kiwolofu, lugha ya watu wengi wa Senegal. Hela za Wafaransa zilikuwa na sharti la Kifaransa, kwa hiyo akapiga picha mara mbili, ya Kifaransa wachukue wao na ya Kiwolofu ibaki yake. Hiyo ya mzee Dieng aliyetumiwa hawala ya posta ya faranga 25,000 na mpwa wake wa Paris, hela nyingi hata si zake, kafika posta hana kitambulisho, kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, cheti kinataka kujuana na mtu, huku dukani washakopa mchele na majirani washajua! Hiyo ilipata tuzo kwenye tamasha la filamu la Venice, Italia, kwa Kiwolofu hichohicho, kwa hiyo dairekta wa hapa akiniambia Kiswahili hakitatufikisha nje simuelewi.

Serikali ya kwao haikumpenda sana, Ceddo ya 1977 waliipiga marufuku Senegal. Hakuacha. Moolaadé kaitoa 2004 ana miaka 81, kairekodi kijijini Burkina Faso, mama mmoja anawaficha mabinti wasikeketwe na wanaume wanakusanya redio za wanawake kuzichoma moto, na tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, wakaipa tuzo. Akafariki Juni 2007.

Anayetaka kuanza aanze na Mandabi maana inachekesha kweli, na kopi zilizopo sasa zimesafishwa picha iko vizuri. Diouana mtazame siku mna nguvu, na msitazame peke yenu, kaeni na yule binti wa nyumbani anayejiandaa kusafiri muongee naye kabla hajasaini mkataba.