Udongo wa msitu juu ya mwamba wa mchanga

Umeuliza kama msitu ulio kwenye mteremko wa mwamba wa mchanga ukifyekwa utalimika kama kihamba (shamba la nyumbani la Wachagga) cha Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Hapana, ndugu. Udongo wetu wa Kilimanjaro umetokana na volkano: mwepesi, unashika maji vizuri, una madini mengi. Mwamba wa mchanga kwa kawaida ni chembe za kwatsi (quartz, madini magumu ya mchanga), na kwatsi haina chakula cha mmea. Ukimomonyoka unaacha udongo wa kichanga, wenye tindikali (pH, yaani kipimo cha tindikali, mara nyingi 4 hadi 5) na unaokauka haraka. Mteremko mkali nao unauporomosha, hivyo juu unakuta udongo wa kina kifupi wenye mawe, na udongo wenye kina uko bondeni.

Rutuba karibu yote imo kwenye majani yanayooza juu. Penye baridi na mvua nyingi, chimba shimo: chini ya tabaka jeusi utaona kijivu kilichopauka, kisha rangi ya kutu, kwa sababu maji yamehamisha chuma na mboji kwenda chini. Ukichoma msitu, majivu yanabeba mazao msimu mmoja au miwili tu, halafu mvua inasomba kila kitu.

Kupima: lowesha udongo kiganjani, uusukume kwa kidole gumba. Ukivunjika bila kutoa utepe, ni kichanga.