Mume wangu hanitazami usoni, ananificha nini?

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu anavua dagaa hapa Igombe. Miezi miwili sasa akirudi asubuhi ananisalimu ameinamisha macho, anaacha sato wawili jikoni, anaoga, analala. Nimeona video kwenye simu, mtaalamu anasema asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, na asiyekutazama machoni ni mwongo. Nimeacha kumsemesha ili ajue nimeumia. Nifanyeje? Mama Wawili, Mwanza.*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye sato. Mumeo anavua dagaa. Sato wa kujaza sufuria hakutoka kwenye wavu wake. Kamtafuta pale mwaloni, kwa kununua au kwa kubadilishana na mwenzake, na usingizi umemjaa machoni. Wewe sato huyo umemtaja kwa kupita tu, kisha ukakaa kwenye macho.

Hiyo asilimia 93 imekupotosha. Ilitokana na majaribio ya Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1967. Alipima neno mojamoja, sauti na picha ya uso, aone watu wanatambuaje kama msemaji anapendezwa au amechukia. Hakupima ndoa, wala hakupima uongo. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya majaribio mengi ya watu waliojaribu kumtambua mwongo: walipatia kama mara 54 katika 100. Ukirusha shilingi unakaribia hapo hapo.

Tena huku Kanda ya Ziwa wengi tumelelewa kuinamisha macho mbele ya tunayemheshimu. Kwa hiyo nakuuliza: kabla ya miezi hii miwili, alikuwa anakutazama? Hukuniambia, na hilo ndilo lenye uzito. Mtu hupimwa kwa desturi yake mwenyewe, hapimwi kwa desturi ya mtu wa kwenye video. Kama amebadilika, basi lipo jambo. Linaweza kuwa deni la injini, linaweza kuwa mwanamke, linaweza kuwa uchovu wa kukesha akikodolea taa juu ya maji. Kwa kumwangalia tu, mimi na wewe hatutalijua.

Kimya chako ndicho kinachonitia hofu zaidi. Unataka akisome kuwa umeumia. Yeye huenda anakisoma kuwa umemchoka, na kila asubuhi anajibu kwa samaki wawili.

Usimuulize akitoka ziwani. Ngoja mbalamwezi, siku ambazo taa hazivuti dagaa na mitumbwi inapumzika. Watoto wakishalala, mpakulie sato, kaa ubavuni mwake badala ya kumkabili uso kwa uso, umwambie: “Baba, asante kwa samaki. Siku hizi hunitazami, na mimi naumia. Kuna nini?”

Kisha nyamaza, hata akichelewa kujibu.