Siku Chache Lisbon Mkiwa Kundi la Marafiki: Mambo ya Kukubaliana Mapema

Lisbon, mji mkuu wa Ureno, si mji wa kupitiwa kwa orodha ndefu, hasa kwa kundi la marafiki wenye mabegi mgongoni na siku mbili au tatu tu za kukaa kabla ya kuendelea na safari. Mji umekaa juu ya vilima, njia zake za mawe hupanda na kushuka muda wote, na anayetaka kuuvuka kutoka mashariki hadi magharibi mara kadhaa kwa siku moja atafika jioni akiwa hoi na hana alichokiona vizuri. Nilipita huko na marafiki niliosoma nao, na ushauri wangu kwa vijana wa Afrika Mashariki wanaopanga safari ya namna hiyo ni huu: ugaweni mji kwa pande, kila siku upande wake, na mambo ya fedha, chakula na nafasi ya kila mtu kuwa peke yake myamalize kwa mazungumzo kabla hamjapanda ndege.

Nianze na fedha, kwa sababu ndizo zinazowatia marafiki doa safarini. Sisi tulichanga kiasi sawa tangu mwanzo, tukamteua mmoja wetu kuwa mweka hazina, na mfuko huo ukalipia malazi, nauli na vyakula vya kupika pamoja. Makumbusho, vinywaji na zawadi kila mtu alijilipia. Jambo lililotusaidia zaidi ni kwamba kiwango cha matumizi ya siku tulikipanga kwa kumtazama aliyekuwa na kidogo kuliko wote, kisha mwenye zaidi akawa huru kutumia chake kwa wakati wake. Naamini kundi lisiloweza kukaa chini na kuzungumza hivyo kwa uwazi lisisafiri pamoja. Katika hesabu zenu msisahau kodi ya watalii ya mji, ambayo tangu Septemba 2024 ni yuro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, na ambayo mara nyingi haimo katika bei mnayoiona mnapoweka nafasi. Vilevile, katika migahawa mingi mhudumu huleta mkate, zeituni na jibini mezani kabla hamjaagiza chochote. Vitu hivyo hulipiwa, na mnayo haki ya kumwomba kwa adabu avirudishe.

Kwa wanaotokea nyumbani na pasipoti za Tanzania, Kenya au Uganda, viza ya Schengen ndiyo gharama ya kwanza. Ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu inayotakiwa ni ya angalau yuro 30,000. Kama Lisbon ni kituo cha kupita tu, ombi lipelekwe katika ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na kila mmoja awe na nakala zake za malazi na tiketi, maana ofisa wa mpakani atamhoji kila mtu peke yake.

Kuhusu malazi, nashauri mtaa wa Baixa au maeneo ya jirani yake. Baixa ilijengwa upya baada ya tetemeko kubwa la tarehe 1 Novemba 1755, na Marquês de Pombal aliyesimamia kazi hiyo akataka barabara zilizonyooka; hivyo ni tambarare, na mtu aliyebeba kilo kumi na tano mgongoni huona tofauti mara moja. Hosteli za Lisbon nyingi ni safi na zina jiko, lakini kitanda cha bweni huja na kabati lisilo na kufuli, kwa hiyo kila mtu aje na kufuli lake dogo. Mtaa wa kale wa Alfama unavutia kwa picha, ila ngazi zake ni nyingi, na wakazi wake, ambao wengi wanabanwa na kodi za nyumba zinazopandishwa na utalii, wana haki ya kulala usiku bila kelele zetu.

Viatu vinastahili sentensi zao. Njia za waenda kwa miguu zimetandikwa vipande vidogo vya mawe ya chokaa meupe, vikichanganywa na mawe meusi kwa mapambo, na nyayo za watu kwa miaka mingi zimevisugua hadi vinang'aa. Vikilowa kidogo tu, huteleza, na kwenye mteremko mtu huona kisigino kinakwenda kabla yake. Vaeni viatu vya soli ya mpira yenye meno, ambavyo mmekwisha kuvizoea, visiwe vipya.

Kutoka uwanja wa ndege, treni ya metro ya njia nyekundu huwafikisha Alameda, mkabadilisha kuingia njia ya kijani inayopita Martim Moniz, Rossio na Baixa-Chiado. Kadi ya nauli iitwayo Navegante huuzwa senti 50 kwenye mashine za kituoni, na kila mtu lazima awe na yake. Msijaribu kupitisha kundi zima kwa kadi moja. Mkiijaza fedha hutumika pia kwenye tramu, mabasi, vivuko na treni za karibu, kwa nauli nafuu kuliko kumlipa dereva. Tramu namba 28, ile ya manjano inayosifiwa kila mahali, ni usafiri mzuri asubuhi na mapema kutokea Martim Moniz. Baadaye mchana hujaa pomoni, na vibaka hufanya kazi humo kwa utulivu mkubwa. Begi livaliwe kifuani, simu iwe mfuko wa mbele.

Siku ya upande wa mashariki iwe ya miguu. Pandeni taratibu hadi Miradouro da Senhora do Monte, mahali pa juu pa kutazamia mji, ambapo ngome ya São Jorge, mto Tejo na paa za vigae vyekundu vyote huonekana bila kulipa hata senti. Kisha mteremke kupitia mitaa ya Graça na Alfama hadi mtaa wa Mouraria. Karibu na Rossio kuna uwanja mdogo uitwao Largo de São Domingos, ambako Waafrika, wengi wao wa Guinea-Bissau, hukutana kuzungumza na kuuziana kola na bidhaa nyingine za nyumbani kwao. Hapohapo pana mnara wa kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa katika mauaji ya mwaka 1506. Tulisimama pale kwa muda mrefu kuliko tulivyopanga, na mzee mmoja alitutajia mahali pa kula vizuri kuliko mapendekezo yote tuliyoyasoma kabla ya safari.

Kwa chakula cha halali, Rua do Benformoso, mtaa unaotoka Martim Moniz kuelekea Intendente, umejaa migahawa ya Wabangladeshi, na bei zake zinawafaa wenye mifuko myepesi. Wanaotaka kuswali Ijumaa wana Msikiti Mkuu karibu na Praça de Espanha, uliofunguliwa mwaka 1985, ambao jumuiya yake ina familia nyingi zilizotoka Msumbiji. Katika mikahawa ya kawaida mtakuta sambusa zikiitwa chamuças, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Aulize tu ni za nyama gani. Mkate wa bifana ni wa nguruwe siku zote. Mchana tafuteni bango la prato do dia, sahani ya siku, kwa kuwa ndiyo hushibisha kwa bei ndogo, na maji ya bomba ni salama kunywa.

Siku ya upande wa magharibi ni ya Belém, mtaa ulio kando ya mto, na hapa ndipo ningewaomba msifanye haraka. Tramu namba 15 inawafikisha hadi monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwaka 1501 kwa amri ya Mfalme Manuel I. Ndani ya kanisa lake, karibu na mlango, kuna kaburi la Vasco da Gama. Watalii wengi hupiga picha na kuondoka. Mtu aliyekulia Malindi, Mombasa au Kilwa anasimama pale akiwa na maswali mengine. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mkirudi mjini mpite makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, Museu Nacional de Arte Antiga, kwenye Rua das Janelas Verdes, mkaitazame Custódia de Belém. Ni chombo cha kanisani cha kuonyeshea Ekaristi, kisichofika hata mita moja kwa urefu, chote dhahabu na rangi za kuchomewa, na katikati yake mitume 12 wadogo wamepiga magoti. Dhahabu hiyo ilitoka Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika huko na merikebu za vita, akamlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, kumlipa mfalme wa Ureno kodi ya dhahabu. Chombo kikakamilika mwaka 1506, na maandishi ya kwenye kitako chake yanaitaja Kilwa waziwazi kwa tahajia ya Kireno ya wakati ule, Quiloa. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1505, jemadari wa Kireno Francisco de Almeida aliivamia Kilwa na kuiteka, kisha akaichoma Mombasa. Niliyasoma maandishi yale herufi kwa herufi, na rafiki yangu wa Lindi aliyekuwa kando yangu hakusema neno hadi tulipotoka nje. Makumbusho hufungwa Jumatatu, na hufanyiwa ukarabati mara kwa mara, kwa hiyo hakikisheni mapema kama yako wazi.

Hukohuko Belém, duka lililouza vitumbua vya krimu ya mayai tangu mwaka 1837 bado linaviuza, na vinapendeza vikiwa vya moto, vimenyunyiziwa mdalasini.

Acheni pia nusu siku isiyo na ratiba ya pamoja. Kulala bweni moja, kula meza moja na kutembea njia moja humchosha hata rafiki wa utotoni, na kuachana saa chache hakumaanishi ugomvi. Kubalianeni tu mahali na saa ya kukutana. Mimi niliutumia muda huo kupanda kivuko kutoka Cais do Sodré kwenda Cacilhas, ng'ambo ya mto. Kivuko hicho ni kama pantoni ya Kigamboni: kimejaa watu wa kazini, safari ni ya dakika chache, na nauli ni ndogo kabisa kwa mandhari yote ya mji unayopewa kutoka majini.

Siku ya kuondoka, hosteli nyingi hukubali kuwatunzia mabegi hadi jioni, lakini ulizeni usiku wa kuamkia siku hiyo. Metro huanza saa 12:30 asubuhi na kufungwa saa 7 usiku. Ndege yenu ikiwa ya alfajiri, agizeni teksi moja, mgawane nauli kutoka mfuko wa pamoja, na kinachobaki mweka hazina akigawe kabla hamjafika kwenye ukaguzi.