Swali la Lugha: “Mgeni anaomba” au “mgeni inaomba” kumbukumbu?

Mwalimu mmoja wa Chumbageni, Tanga, anawaandalia wanafunzi wake maelezo kuhusu namna kiini cha mfumo endeshi wa Linux kilivyoongezewa uwezo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta zinazoigwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi, katika vichakataji vyenye usanifu wa RISC-V. Katika fani hii mashine pepe huitwa “mgeni”, na mfumo unaoiendesha huitwa “mwenyeji”. Ameandika: “Mgeni anapoomba kumbukumbu, mwenyeji humpatia.” Mwenzake amesahihisha: “Mgeni inapoomba kumbukumbu, mwenyeji huipatia,” kwa hoja kwamba mashine haina uhai, na penye wingi ameandika “mashine ngeni”. Mwalimu anauliza ni yupi aliye sahihi.

Mwalimu, sentensi yako ndiyo sahihi. Hoja ya mwenzako ina uzito, kwa kuwa jina la kiumbe likipewa kitu, upatanisho huweza kubadilika: kifaru wa porini amejeruhiwa, ilhali kifaru cha jeshi kimeharibika, kama kinavyoharibika kipanya cha kompyuta. Lakini majina hayo huanza kwa ki-, na ngeli ya KI-VI iliyapokea bila taabu. “Mgeni” halina nafasi kama hiyo. Tukilitia katika ngeli ya U-I itatubidi tuseme “mgeni unaomba”, na wingi wake “migeni inaomba”, jambo ambalo sikio la Mswahili hulikataa papo hapo. Na anayesema “mgeni inaomba” anapatanisha kitenzi na neno “mashine” ambalo ameliacha kichwani mwake na msomaji halioni. Likisimama peke yake, libaki katika A-WA.

“Mashine ngeni” ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu linapotosha maana. “Ngeni” ni kivumishi, na mashine ngeni ni mashine isiyozoeleka. “Mgeni” wa fani hii ni nomino iliyowekwa ubavuni mwa nomino nyingine, kama katika “nchi wanachama zimekubaliana”, ambapo “wanachama” hubaki na umbo la watu huku kitenzi kikifuata “nchi”. Kwa hiyo tuseme “mashine wageni zinaendeshwa” na “mifumo wageni inaendeshwa”. Mtu aliyezoea mechi za uwanja wa Mkwakwani hutumia kanuni hiyohiyo bila kuifikiria anaposema “timu mwenyeji imeshinda”, kisha “wenyeji wameshinda”.

Hata hivyo, katika maandishi ya kitaalamu ningependelea “mfumo mgeni” na “mfumo mwenyeji”, na RISC-V yenyewe inaonyesha sababu. KVM, sehemu ya kiini inayosimamia mashine pepe, iliingia katika Linux 2.6.20 mwaka 2007 kwa vichakataji vya x86, vinavyotumika katika kompyuta nyingi za kawaida. Kwa RISC-V ilifika katika toleo la 5.16, Januari 2022, baada ya kiendelezi cha H, yaani nyongeza ya usanifu huo kwa ajili ya mashine pepe, kuidhinishwa mwaka 2021. Kiendelezi hicho huwezesha anwani ya kumbukumbu kutafsiriwa mara mbili: jedwali la hatua ya kwanza hupangwa na mgeni, la pili hupangwa na mwenyeji. Sasa mtu akiandika “mashine mgeni ikiipanga anwani, mashine mwenyeji huipanga tena”, mashine zote mbili na anwani pia zimo katika ngeli ya I-ZI, na akiendelea kwa viambishi vitupu, “ikiipanga, huipanga”, mwanafunzi hatajua ni nani anayepanga na ni nini kinachopangwa. Ukisema “mfumo mgeni unaipanga anwani”, u- inamwonyesha mtendaji na -i- inaonyesha kinachotendwa, na hakuna anayepotea.

Kwa hiyo sentensi yako naipendekeza iwe hivi, nikiizingatia pia kazi halisi ya kichakataji: “Mfumo mgeni unapogusa ukurasa wa kumbukumbu ambao haujatengewa nafasi, kichakataji huurudishia mfumo mwenyeji udhibiti, KVM huutenga ukurasa huo na kuuandika katika jedwali la hatua ya pili, kisha mfumo mgeni huirudia amri iliyokwama na kuendelea.”