Jibu: Kwa nini bwawa la kuogelea halikosekani kwenye filamu za Hollywood?

Mkuu, umeuliza kwa nini filamu za Marekani zinapenda sana mabwawa ya kuogelea. Mimi naona bwawa ni utajiri unaoonekana kwa macho, na papo hapo ni shimo. Tazama Sunset Boulevard ya mwongozaji Billy Wilder (1950): mwandishi aliyelemewa na madeni, maiti yake inaelea kwenye bwawa la tajiri, na ni yeye mwenyewe anayetusimulia. Picha ile ya kutoka chini naipenda mno! Waliweka kioo cha kujitazamia sakafuni mwa bwawa, kamera ikapiga toka juu taswira ya maiti iliyoonekana ndani ya kioo hicho.

Halafu tafuta The Graduate (1967). Kijana kavalishwa vazi la kuzamia siku yake ya kuzaliwa. Wazazi wanaongea, sisi tunasikia pumzi zake tu.